Bao Alilolikataa Shaushi Feruzi

Siku ya tatu ya matanga ya Shaushi Feruzi nilikaa mkekani karibu na mlango, nikasikiliza uongo ukizungushwa pamoja na kahawa. "Alikuwa mkali, lakini alitujenga," alisema mmoja. "Bila yeye vijana wa reli wangekuwa wahuni watupu," alisema mwingine, ambaye enzi hizo hata mama yake alikuwa hajaolewa. Mzee mmoja aliyevaa kilemba akasafisha koo na kutamka yale yaliyonifanya nishindwe kukaa vizuri. Alisema marehemu alikuwa baba wa wachezaji, kwamba katika timu yake mtu hakupumua bila amri. Alisema hivyo kwa sifa, na watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Nilimeza kahawa ya moto makusudi, niwe na sababu ya kunyamaza. Ndipo mwanawe marehemu, mtu mzima mwenye mvi zake, akainama sikioni mwangu: "Shikamoo Mzee Salimu. Wewe ulikuwa nahodha wake. Tumefungua sanduku la baba, kuna vyuma hatuvielewi. Baba aliwahi kulima?" Nikamfuata chumbani. Chini ya koti la kaki lililoliwa na nondo, kando ya filimbi yenye kamba nyeusi kwa jasho, yalilazwa majembe tisa. Yalikuwa na kutu nyekundu, na mipini mingine ilikuwa imeliwa na mchwa. Nikayapekua mpaka nikalipata lenye alama mbili za moto karibu na chuma. "Hakuwahi kulima," nilimjibu. "Haya ni yetu." Nikalibeba lile moja, nikapita katikati ya waombolezaji bila kuaga, na tangu hapo hasira niliyokuwa nimeilaza miaka mingi haijalala tena.

Mwaka ninaousema ni ule wa Wajerumani, reli ilipokuwa imeshapita Dodoma na kuendelea magharibi, kabla vita havijaja kutuharibia kila kitu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kazi yangu ilikuwa kupaka mafuta magurudumu ya mabehewa, na usiniulize nilifikaje pale. Tulilala ishirini katika banda moja la mabati, refu kama behewa, lenye harufu ya mafuta, ngozi mbichi na miguu. Jirani yangu wa kitanda alikuwa Ndahani, Mgogo wa Nzuguni, mbeba kuni za garimoshi. Alikuwa na mabega mapana na sauti ndogo, na Kiswahili chake alikitoa taratibu, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Ni yeye aliyetuletea mchezo. Huko kwao, malishoni, vijana walikuwa wakigombania tufe la mzizi kwa magongo, fimbo zilizopinda, na jioni moja alichonga fimbo mbili, akanirushia moja. Baada ya mwezi banda zima lilikuwa likicheza nyuma ya tangi la maji. Bwana Mkubwa wa reli alituona, akacheka kwa furaha, akasema hata kwao Ulaya wapo wanaocheza hivyo. Akaamuru tucheze na watu wa boma siku ya sikukuu ya Kaisari, mfalme wao: timu ya kwanza kupata mabao mawili ndiyo mshindi, na kila mchezaji wa timu hiyo angepewa ruhusa ya siku saba kwenda kwao. Kisha, kwa kuwa Mjerumani hakuamini kwamba watu weusi kumi wanaweza kufanya jambo bila msimamizi, akatupa mwalimu.

Shaushi Feruzi alikuwa askari mstaafu, shaushi kwa cheo, yaani sajini, mguu wake wa kulia haukunjiki, na ndiye aliyekuwa mnyapara wetu kazini. Sitamnyima haki yake. Alitufundisha kukimbia tukiwa tumeinama, kushika gongo chini, kutokurundikana kwenye tufe kama kuku kwenye punje. Katika majuma matatu tulikuwa timu. Lau angeishia hapo, leo ningekuwa nimemlilia kama wengine. Lakini hakuishia hapo. Alisimama kando ya uwanja, mgongo ukiegemea tangi, na kutuendesha kwa filimbi: mlio mmoja, toa tufe kulia; miwili, kushoto; mitatu, rudisha nyuma; mlio mrefu, simama palepale hata kama adui anapita. Ukifanya vingine, hata ukifanikiwa, ulizunguka uwanja ukiwa umebeba taruma la reli begani. "Mimi ni kichwa," alitwambia, "ninyi ni miguu. Nani kati yenu amewahi kuuliza mguu wake maoni?" Tulicheka. Mungu anisamehe, mimi nilicheka kuliko wote, kwa kuwa alikuwa amenifanya nahodha. Baadaye kichwa kile kikaingia bandani. Kikaamua tule saa ngapi, tulale upande gani, nani atembelewe na nani. Mwisho kikaamua juu ya mikono yetu. Tisa kati yetu tulikuwa na majembe, maana kila mtu alikuwa na kishamba chake nyuma ya kambi au kwao. Akayakusanya yote, na la Ndahani lenye alama mbili za moto mpinini, akayafungia nyumbani kwake. "Mkono wa jembe unavuta," alisema. "Mkono wa gongo unasukuma. Sitaki mchezaji anayevuta tufe kama anayepalilia."

Ilikuwa mwishoni mwa Desemba. Yeyote aliyekaa Ugogo anaelewa maana ya kumnyang'anya mtu jembe wakati huo. Mvua ya huku ni moja tu. Inakuja kama mgeni mwenye haraka, na ukiwa hujajiandaa inapita. Unapanda inaponyesha, si kesho yake, na unapalilia uwele ukiwa bado mchanga, kwa sababu magugu nayo yameisubiri mvua hiyohiyo mwaka mzima. Shaushi alikuwa amekaa nchi hii miaka kumi na mitano na hakuna asichokijua kuhusu hilo. Nasisitiza neno hili kwa wale wanaosema hakufahamu. Alifahamu.

Tulikula kwa Bi Zena, mwanamke wa mjini aliyekuwa na chumba kimoja kando ya njia ya zamani ya misafara: mafiga matatu, jamvi, dirisha dogo lenye moshi wa siku zote. Alitupikia ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga, na alitutania bila huruma. "Kuleni wanangu," alisema kila tukikaa, "au mnangoja Shaushi apulize ndipo mmeze?" Ni katika chumba hicho mama yake Ndahani alitukuta, siku chache kabla ya sikukuu. Aliingia akiwa na kibuyu cha maziwa ya mgando kwenye mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa vijiti na magome ya mti tangu kiganjani hadi karibu na kiwiko. "Mbukwa," alisalimia, nasi tukaitika. Alimwaga maziwa katika bakuli letu kabla ya kusema lolote, akangoja tunywe. Kisha akamwambia mwanawe, kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie: "Nimeteleza kisimani, mkono umevunjika. Uwele umefika magotini. Magugu nayo yamefika magotini."

"Majirani?" aliuliza Ndahani.

"Majirani wanakuja ukiwapikia pombe. Nani atatwanga mtama wa pombe? Mkono huu?"

Bi Zena alisimama na upawa wake hewani. "Aende huyu mtoto akamwambie yule mzee mwenye filimbi," alisema. "Hata yeye alizaliwa na mwanamke, ingawa sina hakika."

Ndahani alikwenda, nami nikamsindikiza kama nahodha. Shaushi alikuwa barazani kwake akipaka samli kwenye goti. Alisikiliza mpaka mwisho, na akajibu kwa upole ambao hadi leo naona ulikuwa mbaya kuliko tusi: "Mwanangu, ruhusa yako iko uwanjani. Ukishinda, siku saba ni zako. Hata jembe lako nitakupa mwenyewe, kwa mkono wangu huu." Ndahani akauliza, "Na nikishindwa?" Shaushi akatabasamu. "Sikiliza filimbi, hutashindwa." Tulirudi kwa njia ya tangi la maji. Hapo Ndahani akasimama palepale Shaushi alipozoea kusimama, akautazama uwanja kwa muda mrefu. "Salimu," alisema, "hapa goli la kule huoni vizuri. Yeye yuko kando. Mimi niko ndani." Nilimwambia aache maneno hayo, yatamponza. Nilidhani namshauri kama rafiki.

Siku ya Kaisari mvua ilinyesha asubuhi, jua likatoka, uwanja ukabaki utelezi. Watu walikuja mpaka kutoka Nkuhungu, wamejipaka mafuta, na watu wa mjini na kanzu zao. Mama yake Ndahani alikuwa mbele ya umati, mkono kifuani. Bwana Mkubwa alikalia kiti chini ya bendera, akiwa na bwana wa boma na chupa zao. Boma walipata bao la kwanza. Tukarudisha sisi, kwa filimbi, kulia kisha kushoto kisha kulia, kama Shaushi alivyotaka, na nilimwona akifumba macho kwa raha, akionja. Bao moja kwa moja. Sasa bao lolote lilikuwa la mwisho. Tukapigana kwa muda ambao siwezi kuupima, matope mpaka mapajani, na hatimaye tufe likamfikia Ndahani mbele ya goli lao, watu wawili mbele yake. Filimbi ikalia mara mbili. Kushoto. Kushoto ni mimi. Lakini mimi nilikuwa nimeteleza. Nilikuwa nimelala kifudifudi matopeni, na jitu la boma limesimama juu ya gongo langu. Kutoka kwenye tangi, watu wakiwa wamejaa mstarini, Shaushi hakuweza kuliona hilo. Ndahani aliliona. Alinitazama, mara moja tu. Kisha akapiga goti moja chini, kama wanavyopiga goti shambani, akanyoosha gongo katikati ya miguu ya yule mtu wa kwanza, na akalivuta tufe kwake. Akalivuta kwa mkono wa jembe, mkono ule uliokatazwa, mvuto mfupi wa mtu anayeng'oa gugu bila kugusa shina la uwele. Wale wawili wakagongana vichwa. Akasimama, akapiga. Tufe likaingia.

Sijasikia tena kelele kama zile. Bi Zena alivua kanga ya juu akairusha. Mama yake Ndahani alipiga vigelegele huku akijipiga paja kwa mkono ule mmoja mzima. Bwana Mkubwa alisimama akipiga makofi. Na juu ya hayo yote ukaja mlio mrefu, mrefu mno, mpaka kelele zikafa moja baada ya nyingine. Shaushi Feruzi alikuwa akiingia uwanjani, mguu wake mgumu ukichora mstari kwenye tope. Alipofika mbele ya viti alipiga saluti. "Bwana Mkubwa," alisema, "bao hilo silikubali. Mchezaji wangu amevunja amri yangu."

Bwana Mkubwa alicheka. "Wewe wazimu, Shaushi? Wewe umeshinda!"

"Mimi sijashinda, Bwana. Ameshinda huyu." Alimwelekezea Ndahani filimbi. "Nilimwamuru kushoto, akaona yake ni bora. Leo yake ni bora kwa gongo, na watu wote hawa wameona. Kesho, Bwana, yake itakuwa bora kwa kitu gani?"

Kicheko cha Bwana kiliondoka usoni polepole. Vita vya kusini, watu weusi walipoasi, havikuwa mbali vile katika vichwa vyao. Walikuwa bado wanalala na bunduki. Alizungumza kwa lugha yao na bwana wa boma. Kisha akamwita nahodha. Nikaenda, matope yakinidondoka. "Filimbi ililia?" aliniuliza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilijua yote ambayo swali lile halikuyauliza: kwamba nilikuwa chini, kwamba kunipa tufe kulikuwa kuwapa boma, kwamba aliyekosea ni kichwa na aliyetuokoa ni mguu. Kando yangu Ndahani alisema kwa sauti yake ndogo, "Bwana, mimi nina macho." Shaushi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, kwa upole. Nikasema, "Ndiyo, Bwana. Ililia mara mbili."

Bao likafutwa. Mchezo ukarudishwa, na wenzetu walicheza kama watu waliokatwa mishipa. Ndahani aliliweka gongo lake chini katikati ya uwanja, akasimama mikono mitupu. Boma wakapita kando yake wakafunga. Shaushi alikunja kamba ya filimbi, akaitia mfukoni. Alikuwa ameshindwa mbele ya mji mzima na uso wake ulikuwa mtulivu, kwa kuwa tumeshindwa kwa amri. Hapo ndipo nilipomjua. Watu hudhani mwalimu wa namna hii anapenda ushindi kupita kiasi. Si kweli. Ushindi angeutupa jalalani wakati wowote, mradi tu kitu kisitokee ambacho hakikuanzia kinywani mwake.

Jioni ile chumbani kwa Bi Zena hakuna aliyetania. Ndahani alikaa mkabala na mimi. "Hukusema ulianguka," aliniambia.

"Sikuulizwa."

"Hukuulizwa," alirudia, akiyapima maneno hayo kama kitu kigeni cha Kiswahili ambacho hajakisikia. Bi Zena aliinama, akachukua sahani yangu ikiwa na ugali nusu, akatoka nayo nje. Nikasikia akimwita mbwa.

Kesho yake asubuhi Ndahani aliomba jembe lake, akanyimwa. Akaenda Nzuguni bila jembe na bila ruhusa, akapalilia kwa mikono. Alipata siku nne. Siku ya tano askari wawili walimrudisha akiwa na kucha zilizovunjika, zimejaa udongo mwekundu, na akachapwa mbele ya banda kile tulichokiita hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Kwa kila kiboko Shaushi alipuliza filimbi. Mlio, kiboko. Mlio, kiboko. Nilisimama mstari wa mbele kama nahodha na sikufumba macho, kwa kuwa alikuwa amekataza. Ndahani alipoinuka aliondoka akielekea mashariki, hatua kwa hatua, katikati ya reli, na safari hii hakuna aliyetumwa kumfuata. Wakati wa mavuno nilikwenda Nzuguni. Tembe lao lilikuwa tupu, paa la udongo limeanza kubonyea, na shambani magugu makavu yalikuwa marefu kuliko mimi. Jirani aliyekuwa akipepeta uwele wake aliniambia wamehamia kwa mjomba, Buigiri, kutafuta chakula. Mama yake hakuifikia mvua iliyofuata; alikufa kabla. Hilo nililisikia kwa Bi Zena, ambaye alinieleza akiwa amenipa mgongo, akikoroga chungu.

Nimefundisha vijana mpira tangu hapo, miaka mingi, na wakubwa wengi wameniuliza kwa nini nikisimama kando ya uwanja nanyamaza. Wanadhani ni uvivu. Mwalimu ana siku zote za juma za kusema: afundishe, akaripie, arudie mpaka achoke. Tufe likishaingizwa uwanjani, wa kando amekwisha kazi yake. Anayeona pengo ni yule aliyesimama mbele yake. Na mwili wa mchezaji, chakula chake, mama yake, shamba lake, hivyo havikuwa vya mwalimu hata siku moja. Ni jambo dogo, mtoto analielewa. Tulimwacha mtu alikanyage mbele ya umati, na sasa amekufa tunakaa mkekani tunamwita baba.

Kutoka matangani sikurudi nyumbani. Nilipanda gari la mizigo mpaka njia panda ya Buigiri, nikaulizia, nikaelekezwa. Mvua za mwaka huu zimekuwa nzuri. Nilimkuta shambani, mzee mwenye mabega yaleyale, amepiga goti moja kati ya mistari ya uwele, anavuta magugu. Alininyanyulia macho, na nilijua kwamba amenitambua kwa kuwa hakuuliza mimi ni nani. Nikamwambia Shaushi amekufa. Akaendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari ule, akarudi. Nikamkabidhi jembe. Alizigusa zile alama mbili kwa kidole gumba, akaupiga mpini kwenye jiwe; mpini uliokuwa umeliwa na mchwa ukapasuka, akautupa, akabaki na chuma mkononi.

"Na leo," aliniuliza, "nani amekupulizia?"

"Hakuna aliyepuliza."

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, na sasa nikayasema, yote, kwamba niliulizwa na kwamba nilikuwa na mdomo. Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Alinipa jembe alilokuwa akilitumia, lenye mpini mzima, mwenyewe akaondoka na kile chuma kwenda kukitafutia mti. Mbele yangu shamba lilikuwa kubwa, magugu kila mahali, mengine yamekwisha kuukumbatia uwele. Nikamwita, nikamuuliza nianzie wapi.

"Una macho," alisema, bila kugeuka.

Nikapiga goti.